Mwongozo Kamili: Kumjenga Shujaa wa Kike Anayepambana na Wahalifu, Tabia Yake na Miiko Yake

Hadithi nyingi za upelelezi ninazoletewa na waandishi wa Moshi na Arusha zinaanguka mahali pamoja. Mhusika mkuu ni mwanamke, anapiga watu, anavaa miwani myeusi, anaendesha pikipiki usiku, na ukifika sura ya tatu bado huwezi kusema angefanya nini akikuta pochi imedondoka njiani. Mwandishi anajua anavyopigana, hajui anavyoamua.

Wengine wanalikwepa shimo hilo na kutumbukia la pili: shujaa ni malaika. Hakasiriki, hadanganyi, hachoki, kila neno lake ni mahubiri. Msomaji anamheshimu, kisha anazima simu na kulala.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo tu: tabia ya shujaa na sheria anazojiwekea mwenyewe. Mapigano na mapenzi yana siku yake. Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni wa kubuni: Manka, fundi cherehani wa Moshi mjini. Iba utaratibu, Manka mwache alipo.

## Mahitaji

- Kaunta buku moja. Usitumie simu kwa kazi hii. Simu inakushawishi kufuta, na hapa unahitaji kuona ulichokikata na kwa nini.
- Kalamu za rangi mbili: bluu kwa anachofanya shujaa, nyekundu kwa asichofanya.
- Ramani ya mitaa uliyoichora kwa mkono. Kama ni Moshi, weka stendi, Mbuyuni, Memorial, Kiboriloni, hospitali ya Mawenzi, mahakama, kituo cha polisi, na vichochoro ambavyo mtu hupita asipotaka kusalimiwa.
- Mtu anayejua taratibu: wakili, karani wa mahakama, askari mstaafu au mwenyekiti wa mtaa. Mnunulie chai, umwache aongee.
- Msomaji mmoja asiyekuonea haya. Mchumba wako hafai.

Tenga wiki nzima kabla ya kuandika sura ya kwanza. Anayeruka hapa huja kukwama sura ya nane.

## Hatua ya 1: Anza na uhalifu, shujaa atafuata

Usianze na jina wala sura yake. Anza na ubaya uliopo mtaani kwako, kwa sababu mtu hujulikana kwa kile kinachomkera mpaka ainuke kitini. Shujaa anayepambana na "uhalifu" kwa ujumla hana pa kusimama.

Moshi ina uhalifu wake, hakuna haja ya kuazima wa Chicago. Kuna mikopo ya kausha damu inayowamaliza akina mama wa sokoni. Kuna magendo yanayopita njia za panya kuelekea Taveta, upande wa Kenya. Kuna wajanja wanaojifanya waongoza watalii na kutokomea na malipo ya mgeni aliyetaka kupanda Kilimanjaro, na wanaowapunja wapagazi walioshuka mlimani na mabega yaliyochubuka. Kuna kahawa inayoibwa ikiwa bado inaanikwa. Na kuna ule wa kimya kuliko yote: mjane kuporwa kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kwa karatasi.

Nachukua huo wa mwisho. Mume amefariki. Shemeji anapeleka mahakamani muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema ndugu wote wamemteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Kikao chenyewe hakikukaa. Miezi michache baadaye kihamba kina mnunuzi, na mama anaambiwa arudi kwao.

Tazama uhalifu huu unavyompa mwandishi kazi. Hakuna bunduki. Silaha ni karatasi, muhuri, na aibu ya kuyatoa ya nyumbani hadharani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Lakini kanuni za mila za urithi zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimweka mwanamke nyuma, na kwenye vikao vya ukoo ni hizo zinazosemwa kwa sauti kubwa. Shujaa wako atalazimika kusimama katikati ya hayo mawili.

Tahadhari: usilete magaidi wanaotaka kulipua mlima. Hatari kubwa haimwongezei mhusika uzito. Inampa kisingizio cha kutofikiri, maana mbele ya bomu watu wote wana maadili yaleyale.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika sentensi moja inayosema nani kaporwa, kaporwa nini, na nani, kwa njia gani. Ukijikuta umeandika "mtandao hatari", rudia.

## Hatua ya 2: Mpe kazi inayomfundisha kuona

Manka anakaa barazani karibu na Memorial, ambako mitumba huingia imepauka na kutoka imebanwa kiuno. Kazi hii sikuichagua kwa urembo. Fundi anagusa watu. Anajua nani amekonda tangu Pasaka, nani anaomba mfuko wa siri ndani ya koti, nani anavaa suti ileile kila msiba. Anakaa sehemu moja kutwa nzima na hakuna anayejiuliza anatazama nini.

Hivi ndivyo anavyoipasua kesi ya kihamba bila kurusha teke:

Mjane anamletea nakala ya muhtasari, imekunjwa mara nne, ina doa la chai pembeni. Manka anaiweka juu ya meza, anaikandamiza kwa mkasi isipeperuke, anashuka na kidole kwenye majina ya waliohudhuria. Kwenye jina la saba kidole kinasimama. Suti ya mzee huyo aliibana yeye mwenyewe, mabegani na kiunoni, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umemmaliza. Walikuja kuichukua asubuhi ya maziko. Anafungua daftari la oda. Suti imeondoka Februari. Kikao kimekaa Aprili, na marehemu ametia sahihi.

Hata hiyo Aprili inanuka. Anayeijua Kilimanjaro anajua kwamba ukoo hukutana Desemba, wakati waliotawanyika Dar na Mwanza wamerudi nyumbani kwa Krismasi. Ndugu wote wamekusanyika lini katikati ya masika? Mpelelezi aliyetumwa kutoka makao makuu angeipita tarehe hiyo bila kugeuza shingo.

Kisha mpe mwili. Fundi wa miaka 40 ana mgongo unaolalamika na macho yanayochoka jioni. Akikimbizwa kutoka Mbuyuni hadi Mawenzi aheme, na kesho yake kukanyaga pedali ya cherehani kumuume. Akipigwa, afike hospitali na aulizwe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iko wapi.

Andika pia anavyoitwa na kila mtu. Mama yake anamwita Manka. Wateja wanamwita fundi, majirani Mama Glori, na askari wa zamu kituoni anamwita "wewe mama". Kwa kila jina andika namna anavyoitikia. Nakuhakikishia nusu ya tabia yake itajitokeza hapo, kabla hujatumia neno lolote la sifa.

Umefaulu ikiwa, ukimwondoa kwenye kazi yake, kesi haitatuliki.

## Hatua ya 3: Tabia mbili zinazovutana, na kasoro moja yenye madhara

Waandishi huandika orodha: jasiri, mwerevu, mpole, mwenye huruma. Orodha hiyo ni ya wasifu wa marehemu. Ichane.

Chagua tabia mbili ambazo hazikai vizuri chumba kimoja. Manka ni mtu wa hesabu. Kila deni analiandika kwa chaki chini ya meza, upande usioonekana, na hasahau hata la shilingi 500. Wakati huohuo hawezi kuvumilia kuona mtu akiaibishwa mbele za watu. Kwa hiyo anadai, ila anadai kwa kunong'ona. Mdaiwa akija amefuatana na wageni, Manka anampokea kwa bashasha, anamrekebishia suruali bila kusema neno, na jioni anaongeza mstari chini ya meza.

Sasa jiulize: mtu huyu atafanya nini siku atakapolazimika kumuumbua mzee mbele ya ukoo mzima? Umeona, hadithi imeanza kusogea kabla hujaisukuma.

Neno moja kuhusu utani. Msomaji wa nje ya mkoa atatarajia Mchaga mpenda hela. Utani umechakaa, lakini usiukimbie, upinde. Manka anapenda hela kweli, na ndiyo maana anasoma risiti ambazo watu wakarimu wangezitupa.

Kasoro ndiyo inayowashinda wengi. Wanaandika "anapenda mno kusaidia wengine", kama mtu aliye kwenye usaili wa kazi. Kasoro iwe inayomuumiza mtu mwingine. Manka hasemi. Anafungia mambo moyoni hata pale ambapo kusema kungeokoa. Binti anayemfundisha ufundi anavamiwa na vijana wa shemeji kwa sababu hakuna aliyemwambia asifungue siku ile. Msomaji lazima amkasirikie shujaa wako walau mara moja, na awe na haki ya kukasirika.

Jaribio: mwandikie nusu ukurasa usio na uhalifu wowote. Kondakta wa Hiace ya Kiboriloni amemrudishia chenji iliyozidi. Au dada yake anapiga simu ya mchango wa harusi. Kama anafanya vilevile ambavyo ungefanya wewe, hujaumba mtu bado, umejivika gauni tu.

## Hatua ya 4: Miiko

Hapa nenda polepole.

Chukua kalamu nyekundu. Usiandike anachokiamini. "Anaamini katika haki" hakukusaidii, kwa sababu shemeji naye anaamini katika haki, ya kwake. Andika kile ambacho hatafanya hata kama kingemrahisishia kazi. Mitatu inatosha. Ikizidi msomaji hashiki, na wewe mwenyewe utausahau wa tano.

Chini ya kila mwiko jaza safu tatu: umetoka wapi, unaishia wapi, unamgharimu nini. Ukiacha safu ya gharama wazi, ulichoandika ni tangazo la biashara.

Mwiko wa kwanza wa Manka: hatapiga ukelele wa "mwizi!" hadharani.

Anayeishi karibu na soko haelezwi. Neno hilo likitoka halirudi. Kesho yake gazeti litaandika "wananchi wenye hasira kali", kana kwamba hawakuwa majirani wenye majina na maduka.

Umetoka wapi: Manka akiwa binti anayejifunza ufundi aliibiwa kitambaa, akapiga ukelele, na umati ukamfuata kijana aliyekuwa anakimbia. Usieleze zaidi ya hapo. Mwonyeshe tu kwamba mpaka leo kitambaa cha rangi ile hakishoni, anamwelekeza mteja kwa fundi wa jirani.

Unaishia wapi: anaweza kumkimbiza mtu, kumng'ang'ania shati mpaka lichanike, kumwita balozi wa nyumba kumi, kumfungia ndani na kukaa mlangoni. Asichoweza ni kumkabidhi mtu kwa umati.

Unamgharimu nini: watu wanamponyoka machoni. Mtu aliyeghushi muhtasari anapita Mbuyuni saa ya watu wengi, mkoba wenye hati ya mauziano kwapani, hatua chache kutoka alipo. Neno moja lingemsimamisha. Manka analimeza. Mkoba unapotea kati ya mafungu ya ndizi. Hiyo ni sura nzima na haina ngumi hata moja.

Sheria iko upande wake kwa sehemu. Tanzania, mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele yake, kwa sharti amfikishe polisi bila kuchelewa. Waandishi wengi wanaikumbuka nusu ya kwanza ya ruhusa hiyo na kuisahau ya pili, ndiyo maana mashujaa wao wanawafunga watu kamba siku tatu ghalani na hakuna anayeuliza.

Mwiko wa pili: hatamtumia mtoto.

Watoto wanaouza karanga stendi wanajua kila gari na kila dereva. Mpelelezi yeyote angewatumia. Manka hamtumi mtoto hata kuchungulia kama mlango umefungwa. Mtoto akija mwenyewe na habari, atamsikiliza, lakini hampi hela, kwa sababu hela ya leo itamtuma kesho akatafute habari nyingine. Anamshonea kifungo kilichokatika kwenye shati la shule na kumwambia aende nyumbani.

Mwiko wa tatu: hatamdanganya mwenye kesi.

Angalia vizuri mpaka wake. Manka ni mwongo mzuri sana. Anajifanya mnunuzi wa shamba, anajifanya mjinga mbele ya karani, anamwambia shemeji kwamba mjane ameshakata tamaa. Anamdanganya anayemwinda. Anayemsaidia hamdanganyi. Mjane akiuliza, "Mwanangu, kihamba changu nitakipata?" jibu ni, "Sijui, mama," ingawa uongo mdogo ungempa usingizi usiku huo. Gharama yake ni kwamba mama anavunjika moyo wakati mbaya kuliko wote, na anakaribia kutia dole gumba kwenye karatasi ya shemeji ili tu apate amani.

Vipi kuhusu "hataua"? Huo ndio unaoigwa kuliko yote. Una maana kwa shujaa aliyekuwa askari, anayekaa na silaha. Kwa fundi cherehani hauna gharama, hakuna siku amepewa nafasi ya kuua. Mwiko usio na kishawishi mbele yake haufanyi kazi kwenye hadithi.

Ukishakuwa na mitatu, igonganishe. Tafuta tukio ambalo kuutunza mmoja ni kuuvunja mwingine. Mtoto wa karanga ameona mkoba ulikofichwa. Amekuja mwenyewe kusema, na kuna dirisha dogo ambalo mtu mzima hapiti. Mjane anauliza, "Kuna njia yoyote imebaki?" Manka akisema hakuna, amemdanganya mwenye kesi. Akisema ipo, anajua fika mama mwenyewe atamwomba mtoto aingie. Usitatue leo. Funga daftari, kaa nalo siku mbili. Tutalirudia hatua ya 7.

Tahadhari: mwiko usitoke mdomoni mwa shujaa. Siku atakaposema "mimi huwa situmii watoto", umemmaliza. Waache wengine waugundue: mpinzani wake, binti anayemfundisha, au mtoto mwenyewe akinung'unika kwamba fundi hamtumi kamwe.

Umefaulu ikiwa msomaji wako mkali, akiwa katikati ya tukio, anajua kabla hujasema kwamba Manka hatafanya, na bado anatamani angefanya.

## Hatua ya 5: Mkutanishe na vyombo vya sheria

Mtu akiibiwa Moshi anaanzia kwa balozi au mwenyekiti wa mtaa, au anakwenda kituoni na kupewa namba ya RB, ya kumbukumbu ya taarifa yake. Mwanamke aliyepigwa nyumbani anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto. Rushwa ni TAKUKURU. Mirathi ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na asiyekubaliana anaweka pingamizi. Kwa migogoro ya ardhi, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Uamuzi ni wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado naletewa hadithi ambamo mwenyekiti wa Baraza la Kata anagonga meza na kusoma hukumu.

Usiwafanye polisi wote wala rushwa. Ni uvivu, na unamnyima shujaa mtu wa kumkabidhi mhalifu. Mpe afande mmoja anayefuata taratibu mpaka anakera.

Mfano: Manka ameitwa kupima pazia za ofisi ya yule mghushi. Akiwa peke yake anavuta droo, anaukuta muhuri. Akimsimulia afande, swali linalotoka ni moja: "Umeuchukua au umeuona?" Akiuchukua, naye ni mwizi. Akiuacha, jioni utakuwa umechomwa. Manka aliupiga juu ya kipande cha bitana alichokuwa nacho mfukoni, akaurudisha kwenye droo, akamalizia kupima dirisha. Je, hicho kipande kinafaa kuwa ushahidi? Hilo muulize mtu wako wa taratibu kabla ya kuandika jibu la afande, usilitoe kichwani.

Umefaulu ikiwa afande na shujaa wote wana hoja, na msomaji hajui amshike mkono nani.

## Hatua ya 6: Mpe mwovu haki yake, kisha mlete na jani la sale

Shemeji si shetani. Alilipa gharama za hospitali ya kaka yake. Alisomesha watoto wawili wa marehemu. Anaamini kwamba mjane akiolewa tena, ardhi ya ukoo itaondoka naye. Ana nusu ya haki, na nusu hiyo ndiyo itakayomtoa shujaa wako jasho. Mwandikie naye mwiko mmoja, na autunze kwa uaminifu kuliko Manka anavyoitunza yake.

Aliyekulia mlimani anaujua mmea wa sale. Hupandwa mipakani mwa vihamba, na jani lake hubebwa na anayekwenda kuomba radhi. Aliyeletewa sale hakatai kirahisi. Kwa hiyo shemeji akishabanwa, usimtume na mapanga. Mlete asubuhi, amevaa koti la kanisani, jani mkononi, na ampelekee Manka badala ya mjane.

Hapo waandishi wengi watampa shujaa hotuba. Jaribu hivi:

"Fundi, nimekuja."

Manka hakuinuka. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Jani lilikuwa bado na umande. "Pokea, yaishe."

"Hilo si langu, mzee. Mwenyewe yuko kwake. Njia unaijua."

Akarudi kwenye pindo la sketi. Mzee alibaki amesimama na jani lake mpaka akatokea mteja mwingine. Manka alipomwona mteja anakazia macho lile jani, akavuta stuli kwa mguu, akamwambia mzee aketi, kama mtu aliyekuja kuchukua nguo zake.

Soma tena uone kilichofanyika. Hajalipokea, hajalikataa. Hajamwaibisha mzee, kwa sababu hawezi kuvumilia hilo, hata kwa adui. Na ametuonyesha kanuni iliyo chini ya miiko yote mitatu: kesi ni ya aliyedhulumiwa. Hasira ya kulipiza si ya shujaa, na msamaha si wake kuugawa. Kukabidhi mtu kwa umati, kumtanguliza mtoto, kumficha mjane ukweli, yote ni namna za kuichukua kesi isiyo yako. Kanuni hiyo iandike kwenye daftari kwa herufi kubwa, na isionekane popote kwenye hadithi.

Angalizo la kisheria: sale hailimalizi jambo. Kughushi nyaraka ni jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na anayeshtaki ni Jamhuri. Mjane anaweza kulipokea jani na shemeji bado akapanda kizimbani. Msamaha umetolewa, kesi inaendelea, na familia ileile inapaswa kukutana Desemba. Usiharakishe kuwasuluhisha, hapo kuna sura mbili nzuri.

## Hatua ya 7: Chagua mwiko utakaovunjika

Mmoja, mara moja, kuelekea mwisho.

Wa kwanza ukivunjika mtu atakufa, na hadithi itageuka kuwa ya kifo hicho. Wa pili ukivunjika wasomaji hawatamsamehe, na sioni kwa nini wamsamehe. Mimi ningeuvunja wa tatu. Mjane anauliza kama kuna njia imebaki, mtoto wa karanga amesimama palepale akisikiliza, na Manka anasema, "Hakuna, mama."

Kihamba kinarudi kwa njia ndefu: pingamizi, daftari la oda, mstari wa Februari. Lakini mtoto huwa anasema. Mjane anapojua kwamba njia ilikuwepo na hakuambiwa, hagombi. Anaanza kupeleka vitenge vyake kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Manka anamwona akipita, wanaamkiana, basi.

Tahadhari: usiwapatanishe ukurasa unaofuata. Ukifanya hivyo gharama imefutwa, na mwiko ulikuwa wa bure.

## Hatua ya 8: Majaribio kabla ya sura ya kwanza

Futa jina lake kwenye kurasa tatu, mpe msomaji wako mkali pamoja na kurasa za mhusika mwingine. Atenganishe bila kuuliza.

Mfanye mwanamume kwa dakika tano. Kama hakuna tukio linalobadilika, kama hakuna anayemuuliza mume wake yuko wapi, hakuna anayemwacha nje ya kikao cha ukoo, umeandika mwanamume kwa jina la kike.

Halafu matatizo madogo yanayojirudia. Shujaa akihubiri, kata kila sentensi inayoanza na "kwa sababu" kutoka mdomoni mwake. Wasomaji wakimpenda msaidizi kuliko yeye, ni kwa kuwa msaidizi ana kasoro na yeye hana. Rudi hatua ya 3. Na kama Kilimanjaro inaonekana kila ukurasa, punguza. Kibo, kilele chake, hujifunika mawingu sehemu kubwa ya mchana, na watu wa Moshi huutupia mlima jicho asubuhi wakifungua duka, wakaendelea na kazi.

Ukianza kurusha hadithi sehemu kwa sehemu mtandaoni, andika pembeni mwa kila sehemu, kwenye kaunta buku, ni mwiko gani umeguswa. Wafuatiliaji wa hadithi za mfululizo wana kumbukumbu kali kuliko mwandishi. Sehemu ya 30 watauliza kwa nini fundi amemtuma mtoto dukani, na kama kutumwa sukari kumo kwenye mwiko au hakumo ni jambo ambalo ulipaswa kuwa umeliandika, kwa kalamu nyekundu, chini ya "unaishia wapi".